Kila jozi na ushahidi wake

Swali: Naandaa kanzidata ya protini za bakteria E. coli zinazoshikamana. Je, niingize kila jozi ninayoikuta kwenye makala za utafiti?

Jibu: Ingiza, ila kila jozi iandamane na ushahidi wake: mbinu iliyotumika, aina ya bakteria na makala ilikotoka. E. coli ina protini zipatazo 4,300, yaani jozi zaidi ya milioni 9 zinazowezekana; za uongo hazikosi kupenya. Kwa mfano, kipimo cha hamira, kilichotumika kuchora ramani ya protini zinazoshikamana za bakteria Helicobacter pylori mwaka 2001, hukutanisha protini ndani ya seli ya hamira, hata zile ambazo ndani ya bakteria hazionani kamwe. Jozi iliyothibitishwa kwa mbinu mbili ipe alama ya juu. Tena, tambulisha protini kwa namba yake katika kanzidata ya UniProt, kwani majina ya jeni hubadilika.