Mnene Anayetaka Kukimbia Aanze kwa Kutembea

Watu wengi wanene wakiamua kupunguza uzito huanza kwa pupa. Siku ya kwanza hukimbia hadi pumzi ziwaishie, na kufikia wiki ya pili magoti yanauma na viatu vimerudishwa uvunguni mwa kitanda.

Sababu ni hii: unapokimbia, kila hatua hukanyaga ardhi kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ikiwa una kilo 100, mguu mmoja hubeba mzigo wa zaidi ya kilo 200. Moyo na mapafu huzoea mazoezi baada ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi.

Kwa hivyo, kwanza pimwa shinikizo la damu na sukari. Kisha tembea kwa haraka dakika 30, siku tatu kwa wiki, ukipumzika angalau siku moja katikati. Baada ya wiki nne, kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara nane. Ongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza mwendo.

Misuli ikiuma siku mbili au tatu, usiogope. Goti likivimba, pumzika. Lakini ukihisi maumivu kifuani au kizunguzungu, simama na uende hospitalini mara moja.

Mizani ikichelewa kushuka, usikate tamaa. Shinikizo la damu huweza kupungua hata kabla ya kilo kupungua.