Daudi Mbele ya Sauli: Somo kwa Waombao Kazi
Wapendwa, someni 1 Samweli 17:32–40. Sauli alimwona Daudi kuwa kijana tu, asiyejua vita. Naye Daudi hakujisingizia uaskari. Alieleza kazi yake ya kuchunga kondoo, jinsi alivyomfuata simba na dubu, akawaua. Kisha akayavua mavazi ya vita ya Sauli, akashika kombeo alilolizoea.

Juzi binti mmoja wa usharika, ambaye nyumbani kwao wanamtegemea yeye, alinionyesha barua yake ya kuomba kazi ya karani wa ghala. Alikuwa ameandika kwamba hana ujuzi wo wote. Nalistaajabu! Miaka 3 ameuza samaki sokoni, akitunza daftari la madeni ya watu 40. Nikamwambia, “Andika hayo, wala usiongeze neno.” Amekwenda kuiandika upya.