Mtazamo wa Mfanyakazi na Kazi ya Mkono Wake: Somo kutoka Soko la Kalerwe

Wasomaji wetu wa Mutukula, Busia, Malaba na vijiji vyote vya mpakani, somo la toleo hili linaanzia mbali kidogo na kwenu, katika soko la Kalerwe, kando ya barabara ya Gayaza, kaskazini mwa jiji la Kampala. Mazao ya mashamba kama yenu ndiyo yanayolisha masoko ya jiji hilo. Ndizi za Isingiro, wilaya inayopakana na Tanzania, hupakiwa kwenye malori na kusafirishwa mwendo wa saa nyingi. Zikifika, jasho la mkulima huwa mikononi mwa mtu asiyemjua, naye ni mpakuzi.

Tuitazame kazi hiyo kwa makini. Mpakuzi mmoja huupokea mkungu begani na kuulaza chini. Mwenziwe huutupa, kwani ujira huhesabiwa kwa mzigo na mwenye haraka hupata zaidi. Asubuhi hiyo mikungu yote hufanana. Siku ya pili ndizi zilizopondeka huanza kuwa nyeusi, mama muuzaji hushusha bei, wala hakuna awezaye kusema ni mkono wa nani ulioziharibu.

Watu huharakisha kusema kwamba yule wa kwanza ana moyo wa kazi na wa pili hana. Jibu hilo twaliona fupi mno. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano yao na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliposimulia nyakati walizoifurahia kazi, watu hao walitaja mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe na kukabidhiwa wajibu. Waliposimulia nyakati za kuchukizwa, walilalamikia zaidi usimamizi na taratibu za kampuni. Baadaye, mwaka 2001, Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti zilizohusu wafanyakazi zaidi ya 54,000, wakakuta kwamba uhusiano kati ya kuridhika na kazi na kuifanya vema ni takriban 0.30, katika kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Basi uhusiano upo, ingawa si mkubwa kama wanavyodai wahubiri wa bidii, nao huwa na nguvu zaidi katika kazi ngumu zinazodai fikra. Tena wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba njia huenda kinyume: mtu hufanya vizuri kwanza, akatuzwa, ndipo akaipenda kazi.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe. Kifungu cha 211 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 chataka polisi awe mzalendo, mwenye weledi, nidhamu, uwezo na tija. Lakini askari anayepimwa kwa idadi ya watu aliowakamata tu atawashughulikia watu kama mpakuzi anavyoishughulikia mikungu. Na dosari ya kazi yake haionekani siku hiyo.

Tuchukue mfano wa mama aliyeibiwa mbuzi usiku, akafika kituoni kabla hata hajanywa chai. Askari asiyeinua macho humwambia, "Rudi kesho, mama." Mwingine husema, "Karibu mama, keti. Mbuzi alikuwa na alama gani?" Kisha huandika yote: rangi, sikio lililokatwa, saa, njia iliyoonekana nyayo. Wiki mbili baadaye mbuzi huyo aonekanapo mnadani ng'ambo ya mpaka, maandishi hayo ndiyo ushahidi. Yasipokuwapo, mama hubaki na neno lake dhidi ya neno la mchuuzi, na hapo ndipo vijana wa kijiji hushika fimbo na kujichukulia sheria mkononi.

Hatufichi kwamba askari wengi hulala katika nyumba finyu na kwamba hali hiyo huuchosha moyo. Aliyechoka anastahili kusikilizwa na wakuu wake. Hana ruhusa ya kumtoza mwananchi. Dhamana ya polisi ni bure, leo kama jana, hata askari awe na shida gani nyumbani.

Nanyi mna sehemu yenu, kwa kuwa mpakuzi asiyejulikana jina hutupa mkungu kwa urahisi kuliko anayejulikana. Mkipeleka taarifa kituoni, muulizeni kwa adabu jina la askari aliyewapokea, wala msiondoke bila namba ya taarifa yenu katika kitabu cha matukio. Mkidhulumiwa, mwambieni mkuu wa kituo. Asiposikia, Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha polisi hupokea malalamiko ya namna hiyo. Mkihudumiwa vema, semeni pia. Barua za kulalamika huandikwa. Za kushukuru huonekana kwa nadra sana, ilhali kutambuliwa ni miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyataja wale wahandisi na wahasibu. Mistari mitatu kwa mkuu wa kituo, yenye jina la askari, tarehe na namba ya taarifa, yatosha; mwenyekiti wa LC1 anaweza kumsaidia asiyejua kuandika.