Somo kwa Makatibu: Kompyuta Inayoelemewa Bila Kutumwa Kazi

Miongoni mwa malalamiko ya makatibu wa vyama vya msingi kuhusu kompyuta, moja hurudiwa mara kwa mara: mashine imewashwa, hakuna aliyeituma kazi, lakini taa ya diski haipumziki na leja yachukua dakika nzima kufunguka. Wanachama wamesimama dirishani wakingoja malipo ya mazao, na katibu hana la kuwaambia. Mara nyingi mashine hiyo haikuharibika. Inaandika faharasa.

Kompyuta isiyo na faharasa ikiulizwa neno "pembejeo" hulazimika kupekua faili moja baada ya jingine, kama karani apekuavyo kila jalada la masjala. Ndiyo sababu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma Januari 2007, ilikuja na karani wake wa ndani aanzaye kazi bila kuamriwa. Kampuni ya Apple ilikuwa imetangulia mwaka 2005 kwa Spotlight. Karani huyo husoma mafaili mapema, na kwa kila neno huandika orodha ya mafaili lilimo. Baada ya hapo swali hujibiwa kwa kutazama orodha tu.

Taabu iko katika kule kusoma kwa mara ya kwanza. Diski ya zamani ni sahani zizungukazo, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea hutembezwa pamoja. Karani akivivuta upande huu na katibu upande ule, muda mwingi hupotea njiani. Programu ya kuzuia virusi nayo huweza kulikagua kila faili analolifungua karani, na kazi moja ikawa mbili. Diski za SSD, zisizo na kitu kizungukacho, huumia kidogo sana.

Watungaji wa Windows hawakulisahau jambo hili. Karani amefundishwa kupunguza mwendo mtu atumiapo mashine, na toleo la Mei 2020 la Windows 10 liliongezewa uwezo wa kutambua diski iliyolemewa. Hata hivyo, kwenye mashine dhaifu adabu hiyo haitoshi, hasa zikiingizwa picha za stakabadhi kwa maelfu siku moja.

Kabla ya kumlaumu karani, hapana budi kuhakikisha. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka jedwali la programu zote na kiasi cha diski kinachotumiwa na kila moja. Jina Microsoft Windows Search Indexer likiwa juu ya safu hiyo, mhusika amepatikana. Likiwa jina jingine, dawa itafutwe kwingine.

Dawa nyepesi ni kuiacha mashine imewashwa usiku, penye umeme wa uhakika, nayo izuiwe isilale. Kuizima kila alasiri ni kuiahirisha kazi hadi asubuhi, saa ile ile wafikapo wanachama. Dawa ya pili, iliyo bora kwa mashine nzee, ni kumpunguzia karani eneo. Katika Control Panel mna sehemu iitwayo Indexing Options. Humo katibu aondoe folda za picha na kumbukumbu za misimu iliyopita, abakize leja na barua.

Wapo mafundi washaurio huduma hiyo izimwe kabisa. Kwa mashine yenye mafaili machache ushauri huo haudhuru: utafutaji hubaki, ila huwa wa polepole. Chama chenye barua za miaka mingi kitaujutia. Kitufe cha Rebuild kisiguswe kwa kujaribu tu, maana hufuta faharasa yote na kazi huanza upya. Mafaili yenyewe hayaguswi. Faharasa si leja, na aliyefuta faharasa hakupoteza hesabu ya mwanachama yeyote.

Lakini usiku wa pili au wa tatu ukipita bila nafuu, na mafaili si mengi, huenda karani amekwama penye faili bovu, au diski yenyewe inakaribia kufa. Hapo leja inakiliwe kwanza kwenye diski nyingine na kuhifadhiwa nje ya ofisi, ndipo fundi aitwe.