Njia ya Maji katika Mji wa Katesh

Mlima Hanang umesimama peke yake, kusini ya nyanda za juu za Mbulu, na kilele chake chapita meta 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ni mlima wa volkano iliyozimika tangu zamani sana. Mawingu huushika, mvua hunyesha juu yake kuliko katika uwanda ulio chini, na vijito hushuka kutoka mabega yake. Chini yake, upande wa kusini, upo mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Barabara kuu itokayo Babati kwenda Singida hupita hapo.

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi na mapema, baada ya mvua kubwa, udongo wa mlimani ulikatika. Maji, tope, mawe makubwa na miti iliyong'olewa pamoja na mizizi yake vikashuka kwa kufuata mabonde ya vijito, vikaingia Katesh na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 wakafa. Nyumba na maduka yakafukiwa, na barabara ikazibwa kwa tope. Wengine walidhani volkano imeamka, lakini sivyo. Serikali ilieleza ya kuwa sehemu ya mlima ilikuwa imelowa maji mengi mno, ikashindwa kujishikilia, ikameguka.

Katika Injili mna mfano wa mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Kuwafananisha watu wa Katesh na mtu yule si haki. Ardhi ya chini ya mlima ina rutuba, maji yapo karibu, barabara i karibu, na biashara yaenda vizuri. Nani asiyetaka kukaa mahali kama hapo? Tena kijito kidogo cha siku zote hakimwogopeshi mtu. Mtoto hukivuka bila kulowesha magoti. Walakini ardhi ile nzuri ya chini ya milima aghalabu ililetwa na maji yenyewe, mafuriko baada ya mafuriko, katika miaka mingi isiyokumbukwa na mtu aliye hai. Maji yakirudi, hurudi katika njia yao ya kale.

Hesabu ifuatayo yafaa kufanywa na kila mwanafunzi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya meta mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Kilomita mraba 1 ina meta mraba 1,000,000. Basi mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya kilomita mraba 1 ya mlima hutoa lita 50,000,000, na uzito wake ni tani 50,000. Sehemu ya maji hayo hunywewa na ardhi, hasa penye msitu. Lakini ardhi iliyokwisha kushiba kwa mvua za siku nyingi hainywi tena, na maji yote yaliyobaki yatafuta bonde.

Wairaqw wa Mbulu walilijua jambo hili la mteremko kwa njia yao. Zamani walikuwa wakifukua nyumba zao katika ubavu wa kilima, na paa la udongo likawa karibu sawa na ardhi ya nyuma, ili adui asizione kwa urahisi. Nyumba ya namna hiyo ikiwekwa mahali maji yapitapo, hujaa kama kisima. Kwa hiyo mjenzi hakuwa na budi kuutazama mteremko kabla ya kushika jembe.

Mpimaji wa mji wa siku hizi hufanya kazi ile ile, ila ana vyombo vingi zaidi. Picha zilizopigwa na setilaiti humwonyesha kila bonde, na akizilinganisha za kabla ya mvua na za baada yake, huona makovu ya mahali udongo ulipoondoka. Kompyuta humchorea njia ya maji kwa mvua ndogo na kwa mvua kubwa. Ndipo achorapo ramani ya viwanja, barabara, soko na shule, na mabonde huachwa wazi yawe na miti na nyasi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu katika meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kuziandika meta hizo katika karatasi ni rahisi. Kumhamisha mwenye duka aliyejenga humo kabla hajapata mahali pengine ni vigumu sana. Kwa waliopoteza makao, nyumba zaidi ya 100 zilijengwa mahali paitwapo Waret, katika wilaya hiyo hiyo.

Jambo la pili ni onyo. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza ya kuwa mvua za vuli zitakuwa nyingi kuliko kawaida, kwa sababu ya El Niño. Lakini tangazo la namna hiyo halisemi ni bonde gani, wala ni usiku upi. Kwa hilo vyahitajiwa vyombo vya kupima mvua juu ya mlima penyewe, vyenye kupeleka hesabu mjini kila saa kwa mawimbi ya simu, ili ipitapo kiasi kilichowekwa, watu wa bondeni wapate habari.

Hata hivyo simu huzimwa usiku, na wako wazee wanaosikia Kidatoga au Kiiraqw kuliko Kiswahili. Basi ujumbe wahitaji watu wa kuupokea na kuutangaza nyumba kwa nyumba, na kengele ya kanisa au ya shule yaweza kulia. Yafaa pia kila nyumba ijue mapema itakimbilia wapi. Tope likishuka, atakaye kupona asikimbie kufuata bonde kwenda chini, maana tope litampata; na apande upande, mbali na kijito, mpaka afike penye mwinuko.