Jicho Hupeleka, Ubongo Hutambua

Jua, ewe ndugu yetu, ya kuwa jicho peke yake halitambui kitu. Nuru ipigayo mtungi huingia jichoni, na khabari yake huchukuliwa na mshipa wa fahamu hata nyuma ya ubongo. Huko mistari na rangi hukusanywa kuwa umbo, kisha umbo hulinganishwa na yaliyohifadhiwa, ndipo mtu husema, "Huu ni mtungi." Al-Hasan bin al-Haytham, aliyefariki yapata mwaka 1040, alikwisha kubainisha ya kuwa kutambua hutimia kwa akili na kumbukumbu.

Basi na tuwafikiri watoto wenye ualbino, waliopewa hifadhi katika Shule ya Msingi Kabanga, Kasulu, baada ya mauaji yaliyozidi nchini tangu mwaka 2007. Kwa upungufu wa rangi, mahali pa ndani ya jicho paonapo vitu vidogo hapakukomaa, na mwanga mkali huwaumiza. Herufi za ubaoni huufikia ubongo hafifu. Walakini ubongo wenyewe ni mzima. Amwitaye mtoto huyo mjinga amemdhulumu. Ewe mwalimu, mkalishe mbele, mkinge na jua, umwandikie herufi kubwa. Wallahu aalam.