Somo: Karakana ya Ushonaji Isiyopoteza Nafasi wala Kuni



Somo hili ni kwa vikundi vya mafundi cherehani wanaotaka kujenga karakana kambini hapa Juba. Nafasi ni ndogo, na wengi huiongeza kwa kusogeza ukuta hadi kwenye kichochoro. Msifanye hivyo. Viwango vya Sphere vinataka angalau meta 2 kati ya jengo na jengo ili moto usiruke. Nyasi na turubai huwaka upesi mno, na pasi ya mkaa ni moto. Nafasi itafutwe ndani.

Tuchukue chumba cha meta 3 kwa 4. Kabla ya kuchimba msingi, choreni chini kwa majivu mlango, cherehani na viti, kisha watu waketi mahali pao. Mmoja apite kati akiwa na ndoo ya maji. Akimgusa mtu, pangeni upya. Kufuta majivu hakugharimu kitu. Cherehani tatu zikae chini ya dirisha la kaskazini. Meza ya kukatia ifungwe ukutani kwa bawaba na kushushwa kazi ikiisha. Vitambaa vikae juu kwenye rafu. Pasi iwashwe nje karibu na mlango, juu ya mchanga, kwa sababu mkaa ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Jua hupiga sana kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo hizo ziwe fupi na bila madirisha. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kila moja na dirisha lake, upepo upite. Mwezi wa Februari na Machi mtaona faida yake.

Wengine husema matofali ya kuchoma ndiyo ya heshima. Yanakula kuni nyingi, na akina mama tayari wanazifuata mbali. Matofali ya udongo yaliyokaushwa juani yanatosha, mradi paa litokeze nje vya kutosha kuyakinga na mvua.

Mkipata mabati, wekeni mfereji. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la meta za mraba 12 ni lita 240; hata nyingine ikimwagika, pipa la lita 200 hukaribia kujaa. Lifunikeni kwa kitambaa, mbu wasizaliane humo.